Bega la Kushoto la Maren

Kaka yangu Orrin Tveit ana wivu kama watu wengine walivyo na pumu. Hakuuchagua. Humbana kwa majira, na ukishapita hushangaa mwenyewe kwamba bado anapumua. Tulipokuwa watoto nyumba yetu ilikuwa na mbwa mmoja, na mbwa yule alipenda kulala mlangoni kwangu. Orrin alianza kuficha vipande vya nyama chini ya mto wake. Mbwa akahamia kwake, akala, akarudi kwangu. Mama alipobadilisha mashuka aliyakuta mafuta, na Orrin akasema hajui yametoka wapi.

Amekuwa mtu mzima mwema. Anafanya kazi kiwanda cha sukari, na kila vuli, viazisukari vinapovunwa na malori yanapopanga foleni barabarani, hulala mchana na kuamka jioni bila kulalamika. Jirani akikwama kwenye theluji, Orrin ndiye wa kwanza kufika na trekta. Lakini alimuoa Janelle, na Janelle alikuwa akiimba kwaya ya kanisa, na kila Jumatano akirudi mazoezini alikuta maswali yakimngoja mezani pamoja na chakula. Nani alikaa karibu nawe? Mbona mmechelewa? Hakumwacha kwa ajili ya mwanamume mwingine. Alichoka kuulizwa.

Baadaye ndipo akaolewa na Wade Lindahl, fundi wa nyaya za umeme, mrefu, mpole, mtu anayefuta viatu mlangoni hata kwake mwenyewe. Ubaya wa Wade ni kwamba hana ubaya. Mwenye wivu huhitaji mpinzani mwenye kasoro, apate pa kushika. Kwa Wade, Orrin aliteleza tu.

Binti wa Orrin na Janelle, Maren, alikaa wiki moja kwa baba na wiki moja kwa mama. Akirudi kwa baba, mazungumzo yalikuwa haya, nami nimeyasikia mara nyingi kiasi cha kuweza kuyasema usingizini.

"Jana mlikula nini kule?"

"Samaki."

"Samaki gani?"

"Samaki tu, baba. Wade aliwavua."

"Aliwavua, au aliwanunua akasema amewavua?"

"Aliwavua. Nilikuwepo, nilishika taa."

Orrin angekoroga kahawa yake isiyo na sukari.

"Wakubwa?"

"Wa kawaida."

Hapo angepata nafuu.

Kitu kimoja tu kilikuwa chake na Maren peke yao, nacho ni kulenga visahani vya udongo. Shule yetu ina timu, kama shule nyingi za huku, na kila majira ya kuchipua watoto hukusanyika uwanja wa klabu nyuma ya maghala ya nafaka. Mlengaji husimama, huita "Rusha!", na kisahani hutoka kwenye kibanda kifupi mbele yake na kukimbia kuelekea mbali, kushoto, kulia au katikati, asijue wapi. Mimi hukaa kwenye kigoda nyuma yao, naandika alama na kutamka "Kosa" kinapopita salama. Orrin alimfundisha Maren kwa bunduki ya marisau ya marehemu baba yetu, na Wade, ambaye huwinda bata tu, hakuwa na la kusema.

Sasa, kila mtu ana jicho moja linaloongoza lenzake. La Maren ni la kushoto, ingawa anaandika kwa mkono wa kulia. Bunduki ikiwa bega la kulia, jicho la kushoto huivuruga shabaha. Orrin aliligundua hilo mapema, na akalitatua kama wengi wanavyolitatua: alibandika utepe kwenye kioo cha kushoto cha miwani ya binti yake, jicho lile lisione. Si kosa. Makocha wengi hufanya hivyo. Lakini iko njia ya pili, nayo ni kuhamisha bunduki bega la kushoto na kujifunza upya, na hiyo Orrin hakuitaja kamwe. Yeye ni wa kulia. Baba yetu alikuwa wa kulia. Alichokuwa nacho cha kumpa mtoto kilikuwa cha kulia.

Mwaka huo Maren alitimiza miaka kumi na sita, na ilikuwa wazi kwamba bunduki ya babu haimtoshi tena. Alihitaji ya mashindano, iliyokatwa kwa kipimo chake. Huku kwetu baba kumchagulia mtoto bunduki hiyo si jambo dogo. Mtoto ataiweka shavuni maelfu ya mara, na kila mtu klabuni atajua nani aliichagua.

Siku ya mazoezi ya kwanza Wade alikuja kumchukua Maren, akasimama kando ya uzio na kofia mkononi.

"Orrin, samahani kuuliza. Mmewahi kumjaribu kushoto?"

"Kushoto kwa nini?"

"Naona visahani vya kushoto vinampita. Kama anachelewa kuviona."

"Ni upepo."

Wade aliitazama bendera ya klabu. Ilikuwa imelala kwenye mlingoti.

"Huo ni upepo wa juu," Orrin alisema. "Wewe unayepanda nguzo kila siku ungeujua. Au wakikupandisha hufumba macho?"

Wade alicheka, na alicheka kwa sababu ilimchekesha. Orrin alikuja kwenye gari langu akafunga mlango kwa nguvu, ingawa gari lake lilikuwa upande wa pili.

Kila Jumamosi ya mwisho ya Aprili muuza bunduki wetu, mzee Elroy Haskamp, huleta bunduki zake klabuni, na watu huzijaribu kabla ya kununua. Familia hungoja siku hiyo. Orrin hakungoja. Alhamisi kabla yake alikwenda mjini Fargo, akarudi na bunduki mpya ya mitutu miwili, akapitia kwangu kwanza kuilaza juu ya meza yangu ya jikoni. Ilikuwa nzuri hasa. Mti wa kitako ulikuwa na mistari kama maji ya mto yanapozunguka jiwe. Na kitako chenyewe kilikuwa kimepindishwa kidogo, na mshikio umetuna, ili ukae ndani ya kiganja cha kulia.

"Ya kulia," nilisema.

"Bunduki ni bunduki."

"Mbona hukungoja Jumamosi?"

"Jumamosi kutakuwa na watu."

"Watu, au mtu?"

"Dada, umesoma sana. Nipe kahawa."

Maren aliiona jioni hiyo. "Ni nzuri, baba," alisema, na alimaanisha, kwa kuwa ni nzuri. Kesho yake alikwenda nayo uwanjani. Alikosa visahani vilevile alivyokuwa akivikosa siku zote, vile vinavyokimbilia kushoto, na akasema bado hajaizoea. Mtoto kusema hivyo ili baba asiumie ni jambo la kusikitisha kuliko kama angelia.

Jumamosi klabu ilijaa. Kulikuwa na sufuria kubwa ya maharage na nyama, watoto wakikimbizana, na meza ndefu ya Elroy yenye bunduki zimefunguliwa zote ili kila mtu aone kwamba ni tupu. Elroy alimtazama Maren, akautazama utepe.

"Vua miwani, binti. Nyoosha mikono. Fanya tundu dogo kwa viganja vyako, unitazame pua yangu ndani yake. Haya, sasa vuta mikono mpaka usoni bila kuiachia pua yangu."

Mikono ya Maren ilikwenda moja kwa moja kwenye jicho la kushoto.

"Jicho hili linataka kazi," Elroy alisema.

"Tunajua," Orrin alisema. "Na bunduki anayo tayari."

"Kujaribu si kununua, Orrin."

"Nataka kujaribu, baba," Maren alisema.

Wade alikuwa mbali, karibu na birika la kahawa, akizungumza na mtu kuhusu mbegu. Namshuhudia kwamba hakusogea hata hatua moja.

Maren aliubandua utepe kwa ukucha. Elroy akampa bunduki ya kushoto, akamwonyesha jinsi ya kuiketisha begani, na binti akasimama kama mtu aliyevaa koti kinyume. Aliita "Rusha!" na kisahani cha kwanza kikaenda zake. Cha pili pia. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu nikisema "Kosa," kisha "Kosa," na Orrin alikuwa amesimama ubavuni pangu. Kati ya ishirini na tano alipata kumi na moja. Elroy hakushangaa, anayehamisha bega huwa kama anayehamisha mkono wa kuandikia.

Lakini mimi nilikuwa nikisikia kitu kingine. Kila niliposema "Kosa," pumzi ya kaka yangu ilikuwa ikilegea. Mwishoni nilimtazama, naye alikuwa akitabasamu. Halikuwa tabasamu la uovu. Lilikuwa la mtu aliyeambiwa na daktari kwamba uvimbe ule si kitu. Na Maren akageuka wakati huohuo, bunduki imefunguliwa mkononi, akimtafuta baba yake kwa macho kama afanyavyo kila amalizapo zamu.

Alimwona.

"Umefurahi," alisema.

"Hapana, mwanangu, nilikuwa nawaza tu."

"Nimekosa kumi na nne, na wewe umefurahi."

Alisema taratibu, kama anayeeleza hesabu. Akamrudishia Elroy bunduki, akamshukuru, kisha akaenda kupanda gari la Wade, ingawa ile ilikuwa wiki ya baba. Wade alimtazama Orrin akiwa na mikono wazi, kana kwamba anaomba radhi. Nadhani hilo ndilo lililomuuma Orrin zaidi. Kisha wakaondoka.

Orrin alikuja kwangu Jumanne baada ya zamu. Nilimwekea viazi na nyama ya kusaga kutoka kwenye tanuri, hakula.

"Amekwambia chochote?"

"Hajaniambia kitu."

"Amemwambia Wade?"

"Orrin."

"Nauliza tu."

"Ndivyo unavyosema kila mara."

Alizungusha uma kwenye sahani. "Unajua kilichonifurahisha? Kwamba Wade alikosea."

"Aliyekosa alikuwa Maren," nilisema.

Alifunika mdomo kwa kiganja. Ana mikono mikubwa, na macho yake juu ya ule mkono yalikuwa ya yule mtoto wa kuficha nyama. Halafu akaichukua simu yangu ukutani, akapiga akiwa amesimama, nami nilisikia pande zote mbili kwa sababu simu ile ni kuukuu na inapiga kelele.

"Wade. Orrin hapa."

"Naam, Orrin."

"Ile bunduki ya kushoto. Umeshainunua?"

"Hapana."

"Lakini ulitaka."

"Nilitaka. Nikamwambia. Akasema hapana, anangoja baba yake akasirike kwanza, kisha aone haya, kisha watakwenda pamoja."

Orrin aliegemea ukuta.

"Alisema hivyo lini?"

"Kwenye gari, tulipokuwa tunatoka klabuni."

"Kwa hiyo wewe umejua siku zote hizi."

"Haikuwa yangu kukwambia."

"Hapana," Orrin alisema. "Hapana, haikuwa yako. Asante." Akakata simu. Masikio yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amepewa kila kitu alichokitaka, na akasimama pale akiumia kwa sababu aliyekisikia kwanza ni mwingine. "Amekaa na neno la mwanangu mfukoni," alisema, "anakwenda nalo kazini, anarudi nalo."

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Akacheka naye kidogo. Kisha akala viazi vikiwa vimepoa.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda dukani kwa Elroy sote watatu, Orrin na Maren mbele, mimi nyuma. Orrin aliiweka bunduki mpya juu ya kaunta.

"Hii ya Fargo," Elroy alisema. "Kule hawaulizi ni ya nani?"

"Waliuliza," Orrin alisema. "Nikawadanganya."

Elroy akaichukua kama sehemu ya malipo, akatoa ya kushoto, akaifungua, akahakikisha ni tupu, kisha akamwambia Maren afumbe macho, aiinue, ayafumbue. Akamwita Orrin asimame mbele na kutazama kama jicho limekaa mahali pake juu ya mtutu. Orrin aliinama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko kazi ile inavyohitaji.

"Limekaa," alisema. Akakohoa. "Wade alisemaje kuhusu hii?"

"Alisema ni nzito kwangu kidogo."

"Na wewe unaionaje?"

Maren aliipima mikononi. "Si nzito."

Uso wa kaka yangu uling'aa, hakuwahi hata kuuzuia.

"Baba."

"Nini?"

"Unafurahi tena."

"Nafurahi," Orrin alisema. "Nisamehe, siwezi kuacha kwa siku moja."

Maren alimtazama vizuri, kama anavyotazama kisahani kabla hakijatoka, kisha akamwambia Elroy kwamba anaitaka hiyo.

Njiani kurudi mashamba yalikuwa meusi na yenye maji. Maren alimweleza baba yake kwamba Jumanne atapelekwa mazoezini na Wade, kwa sababu baba atakuwa kwenye zamu. Niliona taya la Orrin likicheza. Mdomo ulifunguka, ukafungwa, ukafunguka tena.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi."

"Mwambie basi apite njia ya kanisani. Ile nyingine ina matope."