Marahaba ya Haraka

Darasa letu la mahitaji maalumu, hapa Msambweni, lilikuwa na watoto sita. Sita tu, wanaenea kwenye mkeka mmoja. Kila asubuhi walinijia mmoja mmoja kuniamkia, na wa mwisho siku zote alikuwa binti wa Vanga, aliyelelewa na shangazi yake hapa hapa Msambweni. Ulimi wake ulikuwa mzito. Akianza "shi", ungeweza kukuna nazi nzima naye hajafika "ka". Mie sina subira, waulize wanangu, lakini pale nilichuchumaa nikamtazama mdomo mpaka "moo" itoke. Ndipo nikajibu, "Marahaba, mwanangu." Wallahi, alicheka mwili mzima! Muhula wa tatu alikuwa anaomba hata maji kwa mdomo wake.

Kisha habari zikaenea kwamba tunapokea. Wazazi wakaja hadi kutoka Lunga Lunga, mtoto mgongoni, na mie nimfukuze nani? Wakafika ishirini na wawili, mwalimu ni mimi peke yangu. Huyu kapanda dirishani, yule kajichafua, mwingine anauma wenziwe. Nikawa naingia mbiombio, nagawa majibu kabla sijaamkiwa: "Marahaba, marahaba, haya kaeni!" Binti bado yuko kwenye "shi", nami nimeshampita.

Siku aliyoacha kuniamkia sikuijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Shangazi yake ndiye aliyekuja kuuliza: "Mwalimu, mbona hata nyumbani hasemi tena? Anatupungia mkono tu." Nikamfokea, eti akaulize ofisini kwa nini hatuletewi mwalimu wa pili. Maskini, akaniomba radhi yeye! Aibu yangu mie.

Sasa nimestaafu. Asubuhi nyingi nikikaa barazani naitamani ile "moo", naitamani kweli, na ule mkeka wa watoto sita.

Juzi nimekutana na binti yule na shangazi yake sokoni Ukunda. Binti amekuwa mwanamwali, kajifunga leso vizuri. Nikaweka kikapu chini, nikamshika mikono, nikamwamkia mimi, mtu mzima na mvi zangu: "Shikamoo, mwanangu." Shangazi akashika mdomo. Binti akanitazama sana. Midomo ikaanza kutafuta.

"Ma..."

Nikangoja. Wenye mikokoteni wakatupigia kelele tupishe njia, sikusogea. Nilikuwa na siku nzima.

"Anasema marahaba, mwalimu," shangazi akamsaidia. "Marahaba!"

Binti akafunga mdomo, akanipungia mkono.