Mafuta ya Cherehani

Matanga hayajaanuliwa, shemeji mtu alikuja na sanduku akazoa saa zote arobaini za mkononi za marehemu kaka yake. "Mwanamke na saa wapi na wapi," alimwambia mjane. "Wewe baki na cherehani yako." Mjane neno lile alilifunga kwenye kibindo.

Shemeji akatamba nazo mjini, leo hii, kesho ile. Kisha zikaanza kusimama. Madukani walimtajia gharama ya kufungua, kusafisha na kutia mafuta saa moja tu, jasho likamtoka. Akarudi kwa mjane, mpole kama maji ya mtungini.

"Shemeji, kaka alizipeleka kwa fundi gani? Sikuwahi kumsikia akilalamika gharama."

Mjane akavuta droo ya cherehani, akatoa bisibisi nyembamba kama sindano na lenzi ya jichoni. "Fundi unamtazama. Miaka ishirini nimezifungua mimi, bure."

"Basi mimi utanitoza ngapi?"

"Pesa zako sitaki. Nikikutengenezea moja, unaniachia moja."

Shemeji akaona ameokota dodo. Hakujua kwamba zilizobaki kwa mjane zilitiwa mafuta ya saa, na zake yeye zilitiwa mafuta ya cherehani. Hazikumaliza mwaka, naye kila ziliposimama alizirudisha kwa mjane, kwa bei ileile.

Leo kabati la mjane lina saa thelathini na tisa. Juzi shemeji alileta ile ya mwisho, imesimama. Mjane akaiweka sikioni, akasikiliza, akamrudishia.

"Hii nikiitengeneza, shemeji, utaniachia ipi?"