Fundi wa Kuburuta Vitufe

Fundi wa programu wa zahanati huburuta vitufe kwa kipanya, kidole kidogo kikiwa juu kama cha mgeni rasmi anayekunywa chai. Mwenzake anayeandika kila mstari wa programu kwa mkono, fundi huyu humcheka na kumwita Babu Jembe.

Asubuhi moja, foleni ya wagonjwa ikiwa imefika mlangoni, karani wa mapokezi alimwonyesha simu ya kazi: kitufe cha kuhifadhi majina hakionekani.

“Simu yako ndiyo mbovu, dada.”

Alikiburuta kushoto, akakirudisha kulia, akakipaka kijani. Wapi.

“Basi fungua maandishi ya programu yaliyo nyuma yake, kaka.”

Akayafungua: mistari juu ya mistari, hakuna hata kitufe kimoja cha kuburuta. Mkono usiojua kutulia ukatulia, kidole kikashuka taratibu.

Karani akavuta daftari na kalamu. “Haya, wa kwanza. Na mniitie Babu Jembe.”