Nguzo ya Yohanes

Verediana alinusa nyumba yake kabla hajaifikia. Alikuwa ametoka Katesh, ambako kwa miezi mitatu, tangu mwanzo wa Machi, alikuwa akimtunza binti yake aliyejifungua. Alipokuwa akipanda njia ya Tlawi na kikapu mkononi, harufu ilimpokea kwenye kona ya mwisho: rangi mbichi, na chini ya rangi kitu kilichooza.

Nyumba yenyewe ni msonge wa nyasi, wa mwisho uliobaki upande ule wa kilima. Baba mkwe wake, Yohanes, aliijenga mwaka 1958, nusu yake ya nyuma ikiwa imechimbwa ndani ya mteremko, kama walivyojenga wazee waliotaka maadui wanaowinda ng'ombe wapite juu bila kujua kwamba chini ya nyayo zao kuna watu. Kuta zilikuwa fito na udongo uliokandwa kwa samadi. Upande mmoja walilala ng'ombe, upande wa pili watu, na juu ya wote palikuwa na dari ya mahindi. Paa lote liliegemea nguzo moja ya mloliondo, iliyokatwa msituni enzi ambazo kukata hakukuwa kosa. Leo mti kama ule haupatikani, si kwa pesa wala kwa kibali.

Verediana aliingia humo akiwa bibi harusi mwaka 1983. Kwa miaka zaidi ya arobaini kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuwasha moto, hata siku ambayo hapakuwa na cha kupika. Moshi ulipanda, ukapenya nyasi, ukazikausha, ukawafukuza dumuzi na mchwa. Wageni walikohoa, wakamwonea huruma. Hakuna aliyewaeleza kwamba mwenye shida ya moshi hakuwa mama wa nyumba bali mdudu.

Sasa kuta zilikuwa zimepigwa saruji na kupakwa rangi ya chungwa. Mlangoni palitundikwa ubao: IKULU YA KALE YA CHIFU. Verediana aliusoma mara mbili. Yohanes hakuwahi kuwa hata mjumbe wa nyumba kumi.

"Shikamoo, mama mkubwa! Karibu kwenye nyumba mpya!" Aliyetokea ndani ni Onesphory, mtoto wa shemeji yake, anayetembeza watalii kutoka Mbulu mjini. Alikuwa amevaa viatu vinavyong'aa.

"Marahaba. Mpya ya nani?"

"Yako! Nilitaka nikushtukize. Jumamosi tunapokea wageni kumi na wawili. Wewe utakaa hapo mlangoni umevaa ngozi, unasaga mtama kwenye jiwe."

"Ngozi gani?"

"Ya mbuzi. Nimeshaazima."

"Nimezaliwa nikavikwa gauni, Onesphory. Mama yangu alivaa gauni. Hiyo ngozi umeiazima kwa mbuzi gani?"

"Ni asili yetu, mama mkubwa."

Aliingia. Mafiga yalikuwa yameng'olewa na sakafu kufunikwa vigae vyeupe, vya aina ile inayowekwa chooni. Ng'ombe wake wawili walikuwa wamepelekwa kwa jirani, Agatha, kwa sababu, alieleza Onesphory bila aibu, wananuka. Juu, kuanzia ukutani hadi kileleni, chini ya nyasi, palitandikwa nailoni ya bluu ili masizi yasiwadondokee wageni. Nailoni ilikuwa imevimba kwa maji kama tumbo la mgonjwa.

"Na hii nayo ni asili yetu?" aliuliza Verediana.

Hakusubiri jibu. Alimwita mzee Nikolausi, fundi aliyeliezeka paa hilo mara tatu maishani mwake. Mzee alipanda ngazi, akasukuma mkono ndani ya nyasi hadi kwenye kiwiko, akautoa ukiwa mweusi, na funza weupe wakijinyonganyonga kwenye vidole.

"Mmeivalisha nyumba koti la mvua kwa ndani," alisema, akijipangusa kwenye suruali. "Mvua inaingia, moshi haupandi. Ulitegemea nini, fundi wa mjini?"

"Nyasi zitabadilishwa," alisema Onesphory, mkono puani.

"Siulizi nyasi," alisema Verediana. "Nauliza nguzo."

Saruji ilikuwa imemwagwa kuizunguka nguzo hadi magotini, ikakaa pale kama soksi iliyolowa. Kama mloliondo umeoza, basi hapana nyumba tena. Kitakachobaki ni shimo kwenye mteremko na ubao wa uongo. Verediana alichukua nyundo, akapiga vigae mwenyewe. Kila kipande kilichoruka kilimwongezea hasira badala ya kuipunguza.

"Mama mkubwa, na wageni?"

"Waambie waje na mundu. Nyasi zimekomaa."

Siku mbili walivua paa. Agatha alikuja na wanawake wenzake. Walirundika nyasi zilizooza shambani huku wamejifunga khanga puani, na Onesphory alipewa uma wa shambani, akabeba pamoja nao. Kila alipolalamikia harufu, Agatha alimjibu, "Ndiyo ikulu hiyo, mheshimiwa." Saruji ilipobanduliwa, ukuta wa upande wa bonde ulibanduka nayo, ukaanguka wote.

Jioni ya Ijumaa Nikolausi alipiga magoti mbele ya nguzo, akaichoma kwa ncha ya panga. Chini panga lilizama kama kwenye ugali. Alipandisha ncha kidogo, akachoma tena. Likagota.

"Shubiri moja imekufa," alisema. "Juu masizi yameilinda. Tutakata, tutaikalisha juu ya jiwe. Nyumba itashuka."

"Ishuke," alisema Verediana.

Aliupitisha mkono kwenye mti ule mweusi, mgumu, kisha akamgeukia Onesphory, aliyekuwa akijaribu kusafisha viatu kwa jani.

"Haya mabonge ya saruji hayaozi, kwa hiyo shambani kwangu hayaingii. Yapakie kwenye gari lako."

"Yote, mama mkubwa?"

"Na vigae. Na nailoni. Na huyo mbuzi wako."

Alipakia hadi giza likaingia, na hakuna aliyemsaidia.