Kiapo Nilichokula Dhidi ya Mpwa Wangu

Karani mkuu aliponitaka nile kiapo kwamba nilimweleza Salimu mashtaka yake yote kwa Kidigo, nilipaswa kukataa. Nilikubali.

Niliingia kazi ya ukalimani nikiwa kijana niliyemaliza kidato cha nne, katika korti ndogo huko Msambweni. Siku ya kwanza hakimu alinipa hati ya mashtaka, akaniambia, "Unayosoma ni maisha ya mtu. Usiruke hata neno." Nilimtii mpaka alipohamishwa. Aliyemfuata alipenda kesi ziishe kabla ya adhuhuri. "Fupisha, Juma, fupisha!" Nikajifunza kufupisha. Wauza pombe ya mnazi walioletwa kila Jumatatu niliwanong'oneza wakubali, walipe faini, waende zao. Wengi walinishukuru, na mimi nikaona hiyo ndiyo huruma.

Nilipohamishiwa Kwale, nikiwa karibu kustaafu, ndipo alipoletwa Salimu, mtoto wa dada yangu Mwanasha wa Bodo. Alikamatwa Ukunda amebeba mkoba wenye unga, heroini, aliopewa na mtalii amfikishie rafiki yake hotelini. Kwetu Wadigo mjomba ni mzazi. Nilipaswa kumwambia hakimu kuwa huyu ni damu yangu, akalimaniwe na mwingine. Sikusema, nilidhani nikiwa pale nitamsaidia.

"Mjomba, mimi sikujua kilichomo," alininong'oneza kizimbani.

"Kubali, mwanangu. Ukibisha utawaudhi. Watakupiga faini, tutachanga."

Sikumweleza kwamba shtaka lilikuwa la ulanguzi, wala kwamba kifungo chake ni kirefu. Maneno yake sikumfikishia hakimu. Salimu alikubali, akafungwa miaka ishirini.

Vijana mnaoingia kazi hii, jueni hili: aliyekiri kosa hawezi kukata rufaa kupinga hatia, ila ukali wa adhabu. Mlango unaobaki ni kuthibitisha kwamba hakuelewa alichokikiri. Wakili wa kujitolea aliushika mlango huo. Kama Mahakama Kuu ingemwamini, kesi ingeanza upya, na Salimu angesema kuhusu mkoba. Upande wa mashtaka ukataka kiapo cha maandishi cha mkalimani.

Karani mkuu, mtu wa bara, aliniita ofisini.

"Mzee Juma, wewe sema tu ulimwelezea kila kitu. Ama unataka kufutwa kazi na pensheni iko hapo mlangoni?"

"Bwana, yule ni mpwa wangu."

"Ai! Na siku ile mbona ulinyamaza? Hilo nalo tuliandike?"

Nikatia sahihi.

Jaji alisema hana sababu ya kutilia shaka kiapo cha mtumishi wa miaka mingi. Rufaa ikatupwa. Salimu alinitazama, akasema kwa sauti ya kawaida, "Ahsante, mjomba." Mwanasha alikuwa ameketi nyuma yangu. Tangu siku hiyo hakuitikia salamu yangu.

Nilistaafu kwa hotuba na soda. Karani mkuu alinisifu kwa uaminifu.

Mwanasha alifariki mwaka jana. Mwanawe yuko gerezani, mumewe alitangulia zamani, na kushuka kaburini kuupokea mwili wake ilikuwa kazi yangu mimi kaka yake. Aliacha wasia nisimguse. Wazee wakanisogeza kando kwa adabu, na dada yangu wa pekee akapokewa na jirani. Salimu bado anatumikia kifungo, na hakubali kuniona nikienda kumtembelea. Sina ndugu mwingine.