Idadi ya Watoto wa Hyasinta

Hyasinta, jirani yangu wa Mwisenge, anauza samaki na hajui kalkuleta ni ya nini. Nunua kwake sato wa bei hii na furu wa bei ile, mpe noti kubwa, atakutajia chenji kabla hujafunga pochi. Kitu kimoja tu hahesabu, watoto wake. Kwao Butiama ng'ombe na watoto hawahesabiwi, eti ukiwahesabu unawapunguza. Muulize anao wangapi, atakujibu, "Wapo." Mimi nilikuwa namcheka waziwazi.

Mwaka wa sensa sikucheka sana. Karani alipofika, Hyasinta alitoka nje akamwachia mumewe, Emanuel, ajibu. Emanuel ni mtu wa ziwani, mambo hayo kwake ni porojo, akataja idadi kwa sauti. Mwezi uleule homa ikamchukua Flora, kitinda mimba wao. Nilimwambia Hyasinta kuwa ile ni malaria, na malaria haina habari na sensa. Aliendelea kupara samaki.

Sasa mwaka huu watu wa televisheni wamekuja na shindano la hesabu za kichwani. Wakafunga mataa yao katika ukumbi mmoja pale Mukendo, kila kitu kikirushwa moja kwa moja. Zawadi ilikuwa friza, na kwa muuza samaki friza ni kulala usingizi. Hyasinta akajiandikisha.

Maswali ya mwanzo aliyajibu kabla mtangazaji hajafunga mdomo. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Ndipo mtangazaji, kijana mmoja mtanashati aitwaye Ephraim, akatabasamu.

"Swali la mwisho linatoka nyumbani kwako, mama. Chukua idadi ya watoto wako, zidisha kwa kumi na saba, toa kumi na tatu, utakachopata zidisha kwa mbili."

Hyasinta alikauka pale pale. Akaomba kwa sauti ndogo apewe namba nyingine, Ephraim akasema sheria ni sheria, na sekunde zinakwenda. Nilikuwa mstari wa mbele na Emanuel. Nilijua anachoogopa, na mimi mcheka wenzangu nikaogopa pamoja naye.

"Mia moja arobaini na nne," akasema mwishowe.

Nikapiga hesabu kwa vidole, polepole. Lilikuwa jibu la watoto watano. Alikuwa amemtia Flora humo ili namba isiwe ya walio hai, na friza iende zake. Nikashusha pumzi.

Lakini Ephraim alitaka kuhakikisha. Akashuka jukwaani, akamsogezea Emanuel kipaza sauti na kumuuliza wana watoto wangapi.

"Wanne," alisema Emanuel, na bila hata kufikiri akainua vidole vinne mbele ya kamera, nchi nzima ikaviona.

Hyasinta aliteremka jukwaani na kipaza sauti chao bado kikining'inia kifuani. Hakumwangalia mumewe. Alidaka bodaboda, nami nikapanda nyingine nyuma yake.

Alianza kuita kabla hajafika mlangoni. Akamwita Hezron, akaitika. Alfonsi akaitika, Lilian naye akachungulia dirishani. Akamwita Agness, mkubwa wao, pakawa kimya. Akaita tena, sauti ikakatika katikati.

Agness akatokea nyuma ya jiko na povu la sabuni mikononi, akauliza kuna nini. Mama yake alimvamia, akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Ana joto," akasema. "Mama Jeska, hebu mshike na wewe. Huyu hakuwaga hivi asubuhi."

Nikamshika. Mtoto alikuwa wa baridi kabisa, mzima, ananishangaa. Nikamwambia Hyasinta achukue kanga, tumpeleke akapimwe sasa hivi.