Nyuki wa Ndani ya Kioo

Mkoba wa ngozi ulinuka ukungu na mafuta ya zamani, na harufu hiyo sijaisahau hadi leo. Ndani yake ilikaa darubini ya shaba, nzito kama jiwe la kusagia, ambayo baba aliipata kwa mwuza vitu vikuukuu Tabora mjini kwa kumwachia baiskeli yake. Ya kale ni dhahabu, aliambiwa, akaamini. Kwetu Ipole mizinga ya magome hutundikwa juu sana mitini, na kabla ya makundi ya nyuki kuhama ilibidi kupanda kila mti, kwa kuwa mzinga mtupu husafishwa na kupakwa nta ili uwavute. Goti la baba lilikuwa bovu. Kwa darubini angejua upi mtupu akiwa chini.

Baba mdogo, aliyeshirikiana naye mizinga, alicheka. “Kaka, mzungu aliyekuwa na hicho kidude alikuwa anatafuta tembo. Tembo hata mimi namwona!”

“Cheka tu. Wewe paramia miti kama ngedere, mimi nakunywa chai.”

Tulizunguka msitu mzima. “Huu wamo,” alisema baba akitazama. “Huu nao wamo, wanaingia, wanatoka.” Kisha akanipa nami nitazame. Niliona vidoa vyeusi vikicheza mlangoni mwa mzinga. Nikaigeuzia mbinguni: vidoa vilevile. Vilikuwa ndani ya kioo, na mkono ulipotetemeka vilionekana kuingia na kutoka. Nilikuwa na miaka tisa, na tayari nilijua kuwaza kupita kiasi. Huenda macho yangu ni mabovu. Huenda vidoa vipo na nyuki pia wapo. Na nikisema mbele ya baba mdogo, baba ataitazamaje nafasi iliyoachwa na baiskeli yake ukutani?

“Umewaona, mwanangu?”

“Nimewaona, baba.”

Basi hakuna aliyepanda, wala nta haikupakwa. Siku ya kurina, baba mdogo alipiga kelele kutoka juu, “Kaka, humu kuna buibui!” Tulicheka. Kufikia mti wa nne hakuna aliyecheka. Fuata nyuki ule asali, husema wahenga. Sisi tulifuata madoa. Baba mdogo aligawa mizinga na kwenda zake. Baba aliuza sehemu yake, akaenda Goweko kuwa kibarua wa tumbaku, akarudi nikiwa sekondari.

Mwezi uliopita, kwa kazi ya mkataba niliyoipata baada ya chuo, nilimnunulia darubini mpya: nyepesi, imevikwa mpira, haipitishi maji, inaonyesha hadi mishipa ya jani. Maneno ya kuungama niliyaandika kwenye simu na kuyafuta, siku nne mfululizo. Alipoielekeza mtini nikamwambia yote.

Hakuishusha.

“Siku ile nilikuuliza wewe,” alisema, “kwa sababu macho yangu sikuyaamini.”

Kioo cha sasa hakina doa hata moja. Ila mitini kwetu hakuna tena mzinga wa kutazama.